Mate ya Koko

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimetangaza vita na kanisa. Kanisa bado halijui.

Kisa ni Koko, nyanya yangu aliyenilea hapa Kitengela. Wiki mbili zilizopita dada yangu Naisula alimpeleka mtoto wake kubatizwa. Pasta Wanyama alipomaliza kunyunyiza maji, Koko akampokea mtoto, akamtemea mate kichwani. Ptu! Ptu! Baraka. Kwetu Wamaasai ndivyo mzee humbariki mtoto. Hata mimi nilitemewa, ndiyo maana niko na akili hivi. Lakini Pasta ni mgeni, alitoka Bungoma mwezi wa saba tu. Akaruka kama aliyekanyaga moto. Jana baraza la wazee likasoma barua: mila za giza mbele ya madhabahu, Koko asikaribie Meza ya Bwana miezi sita.

Meza yenyewe huandaliwa mara nne tu kwa mwaka. Inayofuata ni Jumapili hii. Koko hajawahi kuikosa tangu akiwa msichana, na kitambaa cheupe cha hiyo Meza hukifua yeye. Jioni amesema kwa umri wake hajui amebakisha Meza ngapi. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Basi! Mimi Lemein, msomi wa Form Two (ningemaliza, ni walimu waliochoka), nitajisomea Biblia mwenyewe niwaonyeshe.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata! Yohana tisa, mstari wa sita. Yesu alitema mate chini, akafanya tope, akampaka kipofu machoni. Yesu mwenyewe! Mate! Nikafunga kitabu hapo hapo. Kuendelea kusoma wakati umeshashinda ni kupoteza nguvu.

Nikaenda ofisini kwa Pasta, miguuni ndala lakini mwendo wa wakili. Nikamsomea kwa sauti. Nikamuuliza Yesu naye atawekwa kando miezi mingapi. Pasta hakukasirika, na hiyo ndiyo ilinikasirisha. Akafungua Petro wa pili, akasema maandiko hayafasiriwi kama apendavyo mtu fulani tu, ndiyo sababu kuna baraza. Halafu kwa upole akauliza, kijana, si wewe ndiye ulitoroka darasa la kipaimara siku ya pili? Nikamwambia nilitoroka kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mpango mpya. Kama wao wako na baraza, nami nitakuwa na langu. Mvua ikinyesha pale tunapooshea magari hakuna kazi, kwa hivyo saa nane nimefungua kikundi: Kila Mtu Ajisomee. Wakishaiva, Jumapili tuingie kanisani tuseme kwa sauti moja kwamba Koko arudi. Watu sita! Wanne walikuwa wanajikinga mvua, lakini hata Nuhu alianza hivyo.

Nikawaambia hapa hakuna wa kumfasiria mwenzake, fungueni tu, Roho ataongea. Musau, ninayeosha naye magari, akafungua Luka tatu: mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Akaniangalia. Nilikuwa nimevaa jaketi mbili. Nikasema hapana Musau, hiyo kanzu ni ya kiroho. Akasema Roho ameongea, tena ametaja ile ya ngozi. Wenzake wakapiga makofi. Jaketi ikaenda.

Kikundi hakiwezi kuendeshwa hivyo. Nimejiteua mwenyekiti wa kufasiri. Kisha mimi na mwenyekiti tumekaa kikao, tukamsimamisha Musau wiki tatu. Akauliza ni mstari gani unasema hivyo. Nikamjibu mambo ya uongozi hawezi kuyaelewa. Wakaondoka wote pamoja naye. Mvua pia ilikuwa imeisha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango wa tatu. Huu hauhitaji watu. Nimenunua mkate na juisi nyekundu, nikatandika leso mezani kwetu, nikamwita Koko aje ashiriki. Pasta ni mimi. Koko alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akaacha kucheka, akaketi. Akasema mkate uko kabatini tangu Jumatano. Anachotaka ni kuketi pale na kina mama aliozaa nao na kuzika nao, wapitishiane sahani.

Hiyo sijaiona dukani.

Akaniambia basi nimsomee yule kipofu wangu, maana yeye hajui kusoma. Nikasoma mpaka mstari wa sita, nikafunga. Akasema endelea. Kumbe kuna mambo huko mbele! Kipofu anaona, wakubwa wa dini wanamhoji, wanaita mpaka wazazi, mwishowe wanamtupa nje. Na Yesu akisikia ametupwa nje, anamtafuta mpaka anampata. Hapo Koko akasema nirudie. Nikarudia mara tatu. Akajifuta macho na leso ya meza. Mimi pia niliingiwa na vumbi, ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Koko ameamka mapema kwenda kufua kitambaa cha Meza. Nikamfuata na karai. Pasta akatupata nyuma ya kanisa, akasema polepole, Koko, si uliambiwa upumzike? Koko akasema alikatazwa Meza, kitambaa hakikutajwa kwa barua. (Ona! Damu yangu hiyo!) Nikafungua mdomo nimsaidie. Akanituma sabuni.

Nilisikilizia kwenye kona. Koko alisema siku ile alitaka kumwambia Mungu asante na maneno yakakataa kuja, yakaja mate. Akamuuliza Pasta kwao mtoto hubarikiwa vipi. Pasta akasema siku yake ya kwanza ya shule nyanya yake alimpulizia pombe ya busaa kifuani kwa mdomo, akafika darasani ananuka kama kilabu. Wakacheka wote wawili. Pasta akakunja mikono ya shati, akashika upande wa pili wa kitambaa, wakakamua pamoja. Lakini akasema barua si yake peke yake, hawezi kuichana.

Mwoga!

Jumapili, 12 Oktoba

Koko aliketi benchi la mwisho. Mimi kando yake, hotuba ya kurasa nne mfukoni. Mkate ukaanza kupitishwa, kila mmoja akishika chake ili wote wale pamoja. Mzee Gichuru, karani wa baraza, akafika kwetu, akampita Koko bila kumwangalia. Nikasimama nihutubu. Koko akanivuta shati. Nikaketi.

Ndipo Pasta akashuka kutoka mbele, kipande chake mkononi, akaja kuketi kando ya Koko. Akasema hawezi kuvunja uamuzi wa baraza, lakini hakuna kanuni inayomlazimisha kula kabla ya Koko. Atamngoja. Hata kama ni miezi sita. Kisha mama mmoja akarudisha kipande chake kwenye sahani. Mwingine. Benchi zima la kina mama.

Mzee Gichuru akabaki na sahani imejaa. Akawaita wazee nyuma ya ngoma. Dakika tano. Akarudi, akaanza kusema kwamba baraza baada ya kutafakari, akashindwa kumaliza, akainama akamnyoshea Koko sahani. Koko akamshika kichwa kwanza. Nikafumba macho. Hakutema. Alimpapasa tu upara.

Akala. Alitafuna polepole sana. Pasta naye akala.

Watu wote wanasema ni kazi ya Pasta. Sawa. Na ile Yohana tisa aliigundua nani?

Jumanne, 14 Oktoba

Biblia ni kitabu kitamu ukijisomea. Marko kumi na moja: mwanapunda amefungwa mlangoni, mfungueni, mtu akiuliza semeni Bwana ana haja naye. Asubuhi nikakuta pikipiki ya Pasta mlangoni pa kanisa, ufunguo ndani. Nikatii.

Nimeenda nayo Kiserian kumsalimia msichana anaitwa Namalwa. Hakuwepo. Petroli ikaniishia nikirudi, nikaisukuma kutoka Tuala mpaka jua likazama. Pasta alikuwa amesimama barabarani. Nikamwambia Bwana alikuwa na haja nayo Kiserian. Akauliza Bwana alikuwa anatafuta nani huko. Amesema safari hii hataita baraza, hukumu anamwachia Koko. Koko naye amesema ni kesho jioni, na Marko kumi na moja isomwe yote, neno kwa neno, ndipo aamue.

Sina wasiwasi hata kidogo. Kwa hii nyumba anayejua kusoma ni mimi peke yangu.