Fidia ya Mkono Mzima

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimeuona utajiri wangu! Tulikuwa tunasaga mihogo hapa Makere, kwenye mashine ya Evaristi, redio inaongea yenyewe. Mwanasheria anachambua hukumu za karibuni za Mahakama ya Rufani kuhusu fidia za wafanyakazi. Kasema anayeumia kwenye shughuli ya mwajiri anastahili fidia hata kama... Umeme ukakatika! Hata kama nini? Hata kama chochote, bila shaka. Majaji si wajinga.

Niyubahwe naye alisikiliza, mdomo wazi. Mwenzangu huyu alikatwa vidole viwili na mkanda wa mashine mwaka jana. Bosi Evaristi akaripoti kwamba alikuwa anasaga mihogo yake mwenyewe. Fidia ikakataliwa, amekata rufaa. Jembe halishiki tena, watoto wake wanakula jasho la mama yao. Shahidi ni mmoja tu: mimi. Mihogo ilikuwa ya mteja, tena niliipokea mwenyewe. Lakini bosi kaniahidi usimamizi nikinyamaza. Nimenyamaza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Niyubahwe ana kipara.

Jumatano, 4 Juni

Usimamizi kapewa Saady, shemeji ya bosi! Mtu asiyejua hata kuwasha injini! Hasira imenijaa mpaka ugali umenishinda. Ndipo nikaikumbuka redio. Siku ile ya vidole si nilikuwepo? Si ningeweza kumvuta Niyubahwe, nikateguka bega? Ningeweza kabisa. Basi niliteguka.

Nimechukua kitenge cha mke wangu Maximilla, nikauning'iniza mkono wa kulia shingoni. Kauliza umeanza kuuma lini. Nimemjibu tangu mwaka jana. Kasema juzi tu nilikuwa juu ya paa naezeka. Mwanamke huyu hajui sheria hata kidogo.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda kwa Niyubahwe kumwambia nitamtolea ushahidi. Kalia machozi, mtu mzima! Mkewe kanipakulia maharage. Nimewaambia nafanya kwa ajili ya haki. Nimekula kwa mkono wa kushoto, wazoee. Wamenihurumia sana. Wepesi kweli, hawa.

Jumatatu, 9 Juni

Kasulu. Balaa!

Rufaa imesikilizwa asubuhi. Maafisa wawili mezani, mwenyekiti wao yuko njiani kutoka Kibondo, gari limekwama. Evaristi kavaa suti ya harusi yake. Nimeeleza vizuri mno. Mchana kweupe, saa za kazi. Mihogo ya Mama Aksanti. Bosi mwenyewe ndiye aliyeamuru mkanda uliochomoka urudishwe injini ikiwa inazunguka. Evaristi katoa macho kama amemeza mfupa. Kisha nikafika kwenye bega langu. Nikagumia kidogo. Nikasema mkono huu haujanyanyuka tangu siku ile.

Mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti! Mama Esteri, Muha wa Kibondo, kichwa mvi tupu. Akatuamkia kwa Kiha, Mwakeye! na makofi yake ya salamu, taratibu, kama wazee wetu. Nikasimama. Nikainama. Nikapiga makofi. Nikaitikia, nikapiga tena. Nikamuuliza habari za nyumbani, nikapiga. Habari za ng'ombe, nikapiga. Kitenge kiko sakafuni.

Evaristi ndiye aliyeanza kucheka. Afisa mmoja kauliza ni mkono upi haswa usionyanyuka. Ningefanyaje? Nimwitikie mama mtu mzima kwa mkono mmoja, kama namfukuza kuku? Mimi nimelelewa!

Mama Esteri hakucheka. Kasema mkono wangu umeshajitolea ushahidi, sasa aitwe huyo Mama Aksanti.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Aksanti kaja, kathibitisha mihogo ni yake, aliniachia mimi siku ile isagwe. Niyubahwe kashinda rufaa! Atalipwa. Mimi nimekaripiwa mbele ya watu kwamba uongo wa namna ile ni kosa la jinai. Jioni Evaristi kanifukuza kazi. Hivi nani kafanya kazi yote hapa? Niyubahwe kaleta vidole tu, tena pungufu.

Jumamosi, 14 Juni

Niyubahwe kaja na jogoo, yeye, mkewe na watoto wote. Kanishika mkono kwa vidole vyake vilivyobaki, hakuuachia. Kasema bosi alimfunga mdomo kila mtu mashineni, mimi peke yangu nilikubali kupoteza kazi kwa ajili yake. Masikini, hajaelewa lolote! Nilitaka kumcheka. Badala yake kifua kikabana, macho yakaanza kutoa maji. Nimekaa kwenye kiti hadi walipoondoka. Maximilla kauliza nina nini. Sijawahi kuumwa hivi maishani.

Baadaye, baada ya kumla jogoo, nimefikiri kwa utulivu. Kifua hiki kilikuwa kizima kabla ya kesi. Kesi imetokana na mashine. Mashine ni ya mwajiri. Basi nimeumia kazini! Na safari hii maumivu ni ya kweli kabisa. Jumatatu naenda Kasulu kudai.