Yeh Pei-jung Alivyokula Nanasi Zamuni

Sogeeni, enyi mpendao habari za mashujaa, tueni vijiko vyenu na mtege masikio, niwasimulie vita vilivyopiganwa katika wodi ya wazazi huku kwetu Yilan, mji wa kisiwani usiokauka mvua. Vita visivyomwaga kitu ila maji ya nanasi, ambavyo mimi, Fan Yun-chieh, muuguzi wa wodi hiyo, nilivishuhudia kwa macho yangu haya mawili.

Alikuwepo kwetu Yeh Pei-jung, binti wa wauza samaki, mkunga wa miguu myepesi, mshika mikono ya wenye uchungu. Moyoni mwake lilimkaa swali kama mwiba: je, taulo ya moto ikiwekwa kiunoni mwa mama anayejifungua humpunguzia maumivu kweli, au ni sisi tu tunaojifariji? Maana kila mmoja wetu aliiweka kwa namna yake, wengine hawakuiweka kabisa, na akina mama waliumia wakitutazama. Pei-jung akataka kuujua ukweli. Akaomba afanye utafiti, wakuu wakaridhia, wakamwambia atafute wenzake wa kushiriki naye.

Ole wake! Neno utafiti lilipotua katika chumba cha chai, wauguzi majasiri, wasiotishwa na damu wala kelele za wakwe, walitawanyika kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe. Hata mimi nilikumbuka ghafla kwamba kuna mashuka ya kukunja.

Akabaki mmoja tu asiyekimbia, kwa kuwa hajawahi kukimbia kitu: Lo Hsiu-chin, mkunga mkuu, simba jike wa wodi, mpokezi wa nusu ya watoto wa mji.

"Shangazi Lo," Pei-jung akamwambia, "nisaidie. Ukiingia wewe, wote wataingia."

"Wee mtoto! Mimi ndiye niliyekupokea ulipokuja duniani umetanguliza makalio, na mpaka leo mambo yako ni hayohayo. Utafiti ni kazi ya madaktari."

"Madaktari hawakai na mama kutwa nzima, Shangazi. Tunakaa sisi. Tusipouliza sisi, atauliza nani?"

"Mambo mengine hayaulizwi, yanajulikana tu. Kama nanasi. Nani asiyejua?"

Na kweli, nani asiyejua? Jina la tunda hilo kwa lugha ya nyumbani husikika kama "neema, njoo", na neema ikija wodi ya wazazi huja imetanguliza tumbo. Hakuna muuguzi wa kisiwa hiki anayethubutu kulionja akiwa zamuni, asije akaifurisha wodi.

"Lakini hilo nalo, nani amelipima?" Pei-jung akauliza.

Shangazi Lo akajishika kiuno.

"Haya, shujaa. Kesho ule nanasi hapahapa, sote tukikuona. Wodi ikitulia mpaka mwisho wa zamu, naingia kwenye utafiti wako. Ikijaa, neno hilo usinitajie tena maisha."

"Nimekubali."

Kesho yake mchana, Pei-jung akaingia na nanasi alilonunua langoni, limemenywa, linang'aa kama ngao ya dhahabu. Wenzake wakamsihi. "Dada, tuonee huruma! Mimi leo nina miadi na mchumba!" Hakutetereka. Akakiinua kipande, akakitazama kama askari anavyoutazama mlima wa adui, akakitia kinywani, akatafuna polepole, akameza. Hata feni ilionekana kushusha pumzi.

Kwa muda palitulia. Kisha mlango ukafunguka, akaingia mama anayetembea kwa kushika ukuta. Nyuma yake mwingine. Kisha wa mapacha, na mumewe aliyezimia kabla ya mkewe kupanda kitandani. Vitanda vikajaa, tukapigana vita vile bega kwa bega, jasho likitutiririka, hadi mtoto wa mwisho alipolia na akina mama wote wakawa salama.

Tukaanguka vitini. Shangazi Lo akasimama katikati yetu kama mshindi juu ya farasi.

"Umeona?"

"Nimeona, Shangazi," Pei-jung akasema kwa sauti ndogo. "Sitakutajia tena." Nikamwona akifuta jicho kwa kiwiko, na kifua kikaniuma, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waliomkimbia.

Nikasema, "Lakini juzi pia palijaa hivihivi, na hakuna aliyekula nanasi. Labda ni mvua."

"Mvua gani!" Shangazi akafoka. "Ni nanasi! Na ale tena kesho, mtaona!"

"Siku moja haitoshi," mwenzetu akadakia.

"Basi ale siku nyingi! Na siku nyingine asile, tulinganishe!"

"Ukihesabu wagonjwa wewe, Shangazi, utapendelea nanasi lako," mwingine akasema.

"Na ahesabu mtu asiyejua siku ipi limeliwa! Mnanifanya mimi mjinga?"

Sote tukamgeukia Pei-jung, naye alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yakimtikisika.

"Unacheka nini wewe?"

"Niliahidi nisilitaje neno lile, Shangazi."

Kicheko kikalipuka, na simba jike akajizuia mwanzo, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akauliza, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi:

"Hizo taulo zako nazo zinalinganishwa hivyohivyo?"

Pei-jung akatikisa kichwa kukubali.

"Na anayemuuliza mama kiasi cha maumivu siyo yule aliyemwekea taulo?"

"Siyo yeye, Shangazi."

"Basi niingize. Na hawa wote, hata huyu Yun-chieh mpenda mashuka."

Kumbukeni siku hiyo, enyi vizazi vijavyo, na muitaje mbele ya wajukuu! Maana kabla wa zamu inayofuata hawajavua makoti ya mvua, wakunga wa Yilan walikuwa tayari wanabishana kwa sauti za majemadari: maji ya taulo yawe ya moto kiasi gani? Huyu akasema hivi, yule vile, na sauti ya Lo Hsiu-chin, mpokezi wa nusu ya mji, ikapaa juu ya zote:

"Msibishane. Leteni kipimajoto."