Mashine ya Kutembelea Isiyomheshimu Baba Mkwe

Ngara, Nairobi
Alhamisi, 14 Agosti 1975

Kwa Bwana Tarlochan,
Mwenye Jumba la Mazoezi, juu ya duka la vitambaa.

Bwana Mheshimiwa,

Pokea salamu za jirani yako wa nyumba za nyuma. Natumaini wewe u mzima na mashine zako ni nzima, ingawa mojawapo ndiyo ninayoishtaki. Mimi ni Nanyama, mke wa Nashon, yule mama mwenye mtoto mchanga aliyekuja Jumanne kwa kadi ya mgeni aliyopewa na Mama Prabha, mke wa Bwana Pranlal wa hilo duka la chini. Najua unanikumbuka, maana ulinipigia kelele, "Shika chuma, mama! Shika chuma!" na mimi sikushika.

Sikuja kwa ubaya. Tangu nijifungue, mgongo wangu unalia kama mlango mbovu. Mama Prabha akaniambia, "Kuja tu, dada, utatembea kidogo, mgongo utanyooka." Nilishangaa, kwa sababu kutoka sokoni hadi nyumbani natembea kila siku na hakuna anayenipa kadi. Lakini mimi ni mtu wa kupenda maendeleo. Nilikuwa nikiwaona kina mama wa Kitisuru na Loresho wakishushwa na madereva mlangoni kwako, wanapanda ngazi, wanatembea pale pale walipo mpaka jasho, kisha wanarudishwa kwa gari kwa sababu wamechoka kutembea. Nikajiambia, Nanyama, hawa ndio waliosoma, lazima kuna kitu.

Ulinifundisha vizuri, siwezi kusema uongo. Ulisema nisimame kwanza miguu ikiwa kando ya mkanda, nishike chuma, niwashe polepole, nitazame mbele, na nikitaka kushuka nibonyeze swichi nyekundu, nisiruke. Nikayafuata yote. Nilitembea kama bibi arusi. Mtoto alikuwa amepakatwa na Mama Prabha, ananitazama na kunichekea kwa ufizi.

Ndipo akaingia baba mkwe wangu, Mzee Lazarus. Alikuwa amefika kwa basi kutoka Kimilili bila kutuma habari. Amekuja kumwona mjukuu na kumpa jina, kwa maana katika ukoo wetu jina hutolewa na babu, na mpaka leo mtoto huyu tunamwita "Wewe" tu. Jirani yangu Rael alimwambia nimekwenda ghorofani kutembea. Mzee akauliza, "Anatembea ghorofani kwenda wapi?" Rael akamjibu, "Haendi popote, mzee, anatembea tu." Basi mzee akapanda ngazi aone kama mkaza mwana wake amerukwa na akili.

Yaliyofuata uliyaona. Kwetu mkaza mwana na baba mkwe hawagusani, hata mkono hawapeani. Mkikutana njiani, mwanamke husimama, hutoka kando, hukunja goti na kutazama chini mpaka mzee apite. Nilipogeuka nikamwona nyuma yangu, nikaachia chuma, nikasimama. Nikakunja goti. Mkanda haukusimama. Ulinirudisha kinyumenyume pamoja na heshima zangu zote mpaka kifuani kwa Mzee Lazarus, tukaangukia kapu la taulo wote wawili. Kofia yake ikapanda mkanda, ikatembea peke yake.

Tangu siku hiyo mzee amehamia kwa shemeji Joash, mtaa wa pili. Hakanyagi kwangu. Anasema hawezi kuingia nyumbani mwangu wala kumshika mtoto mpaka aibu hii iondolewe kwa kondoo, na kondoo hutolewa na aliyesukuma. Jumapili anapanda basi kurudi. Akiondoka hivyo, mwanangu atabaki bila jina mpaka Mungu ajue lini, na mimi nitabaki yule mwanamke aliyemkumbatia mkwe mbele ya watu wa Loresho. Kwa hiyo malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine yako haina mahali pa kupishana. Kila njia niliyopita tangu nizaliwe ina majani pembeni, mtu akikutana na mkubwa anaingia humo. Yako ina nafasi ya nyayo tu. Upande mmoja ni ukuta, na upande wa pili ni mama mwingine anayetembea, tena kwa hasira.

2. Mzee alikohoa mlangoni kabla ya kuingia, kama mtu mwenye adabu zake. Sikumsikia, kwa sababu mashine inanguruma kama kinu cha posho. Naomba ifundishwe kuzimika yenyewe ikisikia kikohozi cha mzee. Kama mafundi wameweza kuifundisha kutembea bila miguu, kusikia bila masikio hakuwezi kuwashinda.

3. Somo lako limepunguka. Ulinifundisha kupanda, kushuka, hata kupumua, ambako nilikuwa nakujua. Hukunifundisha kusalimu. Kabla mtu hajapanda, muulize ana wakwe wangapi, wanakaa wapi, na kama wana tabia ya kuja bila habari. Tena pale chini umemweka askari wako Muli ambaye kazi yake ni kusalimia magari. Aulize kila anayeingia, "Wewe ni mkwe wa nani?" Akiwa ni mkwe wa mtu aliye ndani, apige filimbi, na wote wabonyeze swichi nyekundu, hata kina mama wa Kitisuru, maana nao wana wakwe ingawa hawawasemi.

4. Kuhusu kondoo. Nashon anasema aliyesukuma ni wewe. Mimi nimekutetea, Bwana Tarlochan. Nilimwambia wewe ulikuwa mbali, unapiga kelele tu. Aliyesukuma ni mashine, basi mashine itoe kondoo. Lakini kwa vile haina zizi, wewe kama mzazi wake utaisaidia. Awe mnene, kwa sababu mzee humtazama kondoo hata meno.

5. Mkosaji lazima awepo kondoo akichinjwa. Kwa hiyo naomba mashine iteremshwe ngazi Jumamosi asubuhi na kuletwa uani kwa Joash, ioshwe kwanza. Ikishindikana, ipakiwe kwenye lori ipelekwe Kimilili kuomba msamaha mbele ya ukoo. Kule hakuna stima, kwa hiyo itasimama kwa adabu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Na ikishafika, ni heri ikae huko kwa mama mkwe kama nilivyokaa mimi nilipoolewa, ijifunze nani hupishwa na nani hupisha. Mimi nilijifunza, na sikuwa hata na swichi.

Najua unaweza kucheka. Lakini mimi nikimwogesha mtoto namtazama, ana vishimo mashavuni, ana nywele laini kama pamba, na sina neno la kumwita. Nasema "Wewe," naye anageuka. Sitaki azoee kuitikia hivyo. Hata paka wa duka la Bwana Pranlal ana jina.

Nisalimie Bwana Pranlal na Mama Prabha, aliyemshika mwanangu nilipokuwa kapuni. Msalimie Muli. Wasalimie kina mama wa Kitisuru na Loresho, hasa yule niliyemvuta taulo nikipita. Zisalimie pia mashine zako zingine ambazo hazijanikosea.

Ni mimi, kwa heshima na kwa maumivu ya kiuno,
Nanyama, Mama Wewe

N.B. Ijumaa jioni. Bwana Tarlochan, barua hii nilikuwa bado sijaituma Rael aliponijia mbio kuniambia baba mkwe yuko kwako. Kumbe alikwenda kumtazama mshtakiwa uso kwa uso, kisha akataka kujaribu mwenyewe ili aone mashine ilivyonisukuma, nawe ukampandisha. Rael anasema alitembea vizuri sana na koti lake, mpaka alipoingia Mama Prabha na mumewe. Mzee akaachia chuma avue kofia amsalimie. Akamwangukia Mama Prabha, mke wa mtu, mumewe akitazama! Kwa sheria yake mwenyewe sasa kondoo alikuwa juu yake, tena kwa watu wasiokula nyama. Wanasema alikaa pale sakafuni akifikiri, kisha akatangaza kwamba anguko la mashine si anguko la mtu, na halihesabiwi.

Saa hii ametoka kwangu. Amekula, na amempakata mtoto. Mtoto akalia sana, na kwetu hiyo ndiyo njia: babu hutaja majina ya waliotangulia, na jina litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Mzee akamtaja baba yake, akawataja babu zake, akafika mpaka kwa mjomba mmoja mlevi ambaye huwa hatajwi. Mtoto analia tu. Mzee akachoka, akaanza kumsimulia Nashon jinsi ulivyomwinua kutoka sakafuni. "Yule Tarlochan," akasema, na mtoto akanyamaza kimya. Mzee akarudia, "Tarlochan?" Mtoto akacheka. Shemeji Joash akasema, "Baba, hilo si jina la ukoo." Mzee akamjibu, "Mwenyewe ameshaitika. Sasa ni la ukoo."

Kwa hiyo namba moja mpaka tano uzifute. Wewe sasa ni somo wa mwanangu. Njoo kesho umwone Tarlochan wetu, ila usibishe hodi kwa nguvu, amelala.