Chupa ya Mjerumani Nyumbani kwa Wakwe

Leo nimeaibika mbele ya wakwe, na wakwe wenyewe hata si wangu. Ni wa kaka yangu Bahati.

Tulikwenda mtaa wa St Marys, huku ughaibuni tunakoishi, nyumbani kwa kina Neema, mchumba wake, kupeleka posa. Tulikuwa watatu: Bahati, baba mdogo wetu na mimi. Kwetu, upande wa mwanaume ndio unaoleta kinywaji, na aliye mdogo kuliko wote ndiye anayefungua na kumimina. Baba wa binti akipokea glasi na kunywa, amekubali. Akiiacha mezani, mnarudi nyumbani mkafikiri upya. Mdogo ni mimi. (Mimi ninayeagiza chakula kwa kunyoosha kidole ili nisiongee na muuzaji.)

Bahati aliniambia nilete shampeni. "Papa Neema alifanya kazi hotelini Bukavu," alisema. "Anajua vitu. Usituletee soda."

Sikuleta shampeni. Wiki iliyopita, pale ghalani Ingleburn ninapopakia mizigo, mzee mmoja Mjerumani anayeitwa Dieter alikuwa anastaafu. Baada ya zamu alifungua chupa kwenye maegesho, akanimiminia kwenye kikombe cha karatasi. Mvinyo wa kwao wenye mapovu, wanauita Sekt. Mimi nilidhani Wajerumani ni watu wa bia tu. Nikanywa. Kwanza likaja tufaha bichi, halafu harufu ya mkate wa moto. Halafu, sijui niseme vipi, nikawa Walungu, kijijini kwetu. Nina miaka saba, nimekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, na bibi ananilambisha povu la kasiksi kwenye ncha ya kidole chake. Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi. Tangu tuondoke kwetu sikuwa nimeonja kitu kilichonirudisha pale.

"Ni kama shampeni?" nikamwuliza Dieter.

"Ni nzuri kama shampeni. Inachachia ndani ya chupa hiyohiyo, miezi na miezi, pamoja na hamira yake. Wafaransa wametuzidi jina tu."

Hamira yake, ndani ya chupa. Hapo ndipo nilipopotea.

Kwa sababu kasiksi ya bibi ilikuwa na mashapo chini, na kabla ya kumimina bibi alikitikisa kibuyu vizuri. Usipotikisa, alisema, wa kwanza anakunywa maji na wa mwisho anakula matope. Kumtikisia mgeni ni kumheshimu.

(Nadhani mmeshaona ninakoelekea.)

Basi leo saa sita mchana baba mdogo akamaliza maneno yake mazuri. Papa Neema, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, akanigeukia. "Kijana, tuonyeshe."

Nikasimama. Nikaishika chupa yangu ya Sekt kwa mikono miwili, nikaipindua kichwa chini, nikaitikisa. Nikaitikisa tena. Bahati akafungua mdomo bila kutoa sauti. Nilidhani ananisifu.

Nikafungua waya.

Kizibo kilipita juu ya kichwa cha baba mdogo, kikapiga king'ora cha moshi darini. King'ora kikaanza kulia. Povu likamfuata Papa Neema: uso, miwani, shati, lote. Nikajaribu kuliziba kwa kidole gumba, likageuka likaenda kwenye kilemba cha Mama Neema. Dada mdogo wa Neema akatoka chumbani akauliza, kwa Kiingereza, kama nyumba inaungua. Mama Neema akapanda kiti, akakipiga king'ora kwa mpini wa ufagio mpaka kikanyamaza.



Papa Neema akavua miwani. "Kijana. Ulikuwa unaitingisha sababu gani?"

Baba mdogo akaangalia zulia. Ndoa ya kaka yangu ilikuwa kinywani mwangu, na kinywa changu hakijazoea kazi.

"Mashapo, Papa," nikasema. "Bibi yangu... kasiksi... ili kila mtu apate sawa."

"Bibi yako wa wapi?"

"Walungu."

Papa Neema akalamba sharubu zake. Akazilamba tena, polepole, kama mtu anayesoma barua.

"Mama yangu alikuwa anakiweka kibuyu hapa," akasema, akajipiga paja. "Anakitingisha na goti. Mama Neema, unakumbuka?"

"Nakumbuka, na kilemba changu kimelowa," akajibu Mama Neema. Lakini alishakaa.

Chupani palibaki kama vidole viwili. Papa Neema akanyoosha glasi. "Mimina. Shati limekwisha kunywa, sasa ni zamu yangu."

Akanywa. Bahati akakaa. Papa Neema akaichukua chupa, akasoma karatasi yake. "Hii si ya Wafaransa."

"Ya Wajerumani, Papa."

"Hm. Kumbe kule hotelini walituficha vitu."

Halafu wazee wakaanza kubishana ni ndizi gani ilitoa kasiksi tamu zaidi, wakabishana mpaka saa tisa.

Nimempigia Dieter simu. Amecheka mpaka akakohoa. Mashapo, anasema, hutolewa kabla chupa haijafungwa kabisa.

Tulipoaga, Papa Neema alisema harusini anataka kreti nzima ya hiyo ya Wajerumani. Kisha akaniwekea mkono begani, akanipa kazi yangu ya siku hiyo. Nitagawa maji. Yasiyo na gesi.