Torun Lindeskog na Msumari wa Tasnifu

Jongeeni, nyote mpendao habari za vita, wekeni chini vikombe vya kahawa, niwasimulie Torun Lindeskog binti Evert, bingwa wa mipango, aliyeifundisha kompyuta miaka kumi na moja hadi ikawashinda watu karata na kila mchezo wa ubao, ikapanga na safari za malori elfu moja yasigongane hata mawili.

Siku hiyo Torun alisimama mbele ya ubao wa chuo, kwani desturi ya Uswidi yataka tasnifu ipigiliwe msumari hadharani wiki tatu kabla ya kutetewa. Ilikuwa siku ya mwisho. Saa kumi ikimpita, utetezi ungeahirishwa hadi Oktoba, na ajira yake ilikuwa inakoma Juni.

Naye, kwa majivuno ya fani yake, alikuwa ameiagiza programu yake impangie tendo hilo. Ikampa mpango usio na dosari: shika kitabu cha tasnifu, shika msumari, shika nyundo, piga. Mkono wa kushoto ukashika kitabu, wa kulia msumari, na nyundo ikabaki kwapani, haina wa kuishika.

Profesa Sixten, msimamizi wake, akameza kipande cha keki. "Torun, hiyo mashine uliiambia binadamu ana mikono mingapi?"

"Sikuiambia. Nilidhani inajulikana."

"Miaka kumi na moja, mama, kumbe umeifundisha kwamba sisi ni pweza."

"Mimi saa kumi nafunga," akasema Yngve, mtunza jengo, akichezesha funguo. "Na nyundo ni yangu."

Torun alijaribu goti, akajaribu paji la uso. Kitabu kikaanguka mara mbili, naye akaona aibu ya kweli, ile ya kuwasha masikio. Ndipo akanena: "Enyi wenzangu, mimi niliyeyaongoza malori elfu nimeshindwa na kipande cha chuma. Sixten, nishikie, tafadhali."

"Miaka yote nangoja uniombe kitu. Lete."

Nyundo ikapaa. Pigo la kwanza likatua juu ya kidole gumba cha Profesa, na wapo wanafunzi wanaoapa kwamba halikukosea njia. La pili likamwangukia adui, yule msumari, kichwani, likamzamisha mbaoni.

Basi na iandikwe katika tarehe za mataifa: saa tisa na dakika hamsini na saba, msumari wa sentimita tano uliingia, ukakaa. Watu wakapiga makofi, Profesa akiyapiga kwa uangalifu mkubwa.