Betri mpya, gari kimya

Jamani, nimetoka kuaibika mchana kweupe, tena mbele ya mama yangu mzazi. Naandika haraka kabla hamjaipata habari hii kwa watu wa mtaani kwetu Nkende, maana wao wataongeza chumvi.

Leo Jumamosi nilikuwa nimpeleke mama kijijini Susuni kumwona dada yake, ambaye ametoka hospitali wiki hii baada ya upasuaji. Mama hajamwona tangu alazwe. Saa mbili asubuhi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kitenge kipya, kuku mapajani, na mfuko wenye chupa mbili za uji miguuni.

Nikapiga stata. Gari likakohoa mara moja, likanyamaza. Taa za dashibodi nazo zikafifia mpaka zikazima.

"Mura, kijana wangu, hii gari ina nini?" mama akauliza.

"Betri, mama. Imezeeka."

(Nilijua imezeeka tangu mwezi wa pili. Nilikuwa naiombea.)

Bahati nzuri duka la betri liko huko chini kwenye barabara yetu, ni mteremko mtupu. Nikaweka gia kwenye N, gia huru, bodaboda wawili wakanisukuma. Mama alikataa kushuka. Alisema akishuka, safari itaahirishwa. Basi tukateremka taratibu, yeye akisalimia majirani kupitia dirishani kama mheshimiwa.

Dukani nikavuta handibreki, nikaweka jiwe mbele ya tairi, nikaingia.

Mwenye duka ni Mama Bhoke, mama wa makamo anayefunga betri kwa mikono yake mwenyewe. Nilimfundisha binti yake. Na hapa niwakumbushe wasionijua: mimi ni mwalimu wa fizikia. Umeme ndiyo mada yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Karibu."

Nikamwambia tunawahi kwa mgonjwa, nataka betri ya kudumu, bei isiniumize. Nikaenda moja kwa moja kwenye li-betri kubwa pembeni, nikalinyanyua kidogo kupima uzito. Wataalamu wa mtandaoni walisema nzito ndiyo nzuri.

"Hiyo ni ya lori," akasema. "Kwenye gari lako haitaingia, wala boneti haitafunga."

Nikashika nyingine, ya bei ya chini kabisa. Akatikisa kichwa. "Hiyo imekaa rafuni zaidi ya mwaka. Nimeiweka kwa wanaotaka kuwasha taa nyumbani. Kwenye gari itakusumbua mapema." Akanionyesha tarehe iliyogongwa ubavuni. Halafu akatoa ya tatu, ya kati, ina miezi miwili tu tangu itoke kiwandani, ina waranti ya mwaka mmoja. Na nikimwachia ile ya zamani, ananipunguzia.

Mtu muungwana angeshukuru. Mimi nikaanza kushuku. Kwa nini anaisifia hii tu? Nikamuuliza maswali ya volti na mkondo wa umeme, kwa sauti, ili wateja wengine wajue hapa kuna msomi. Alijibu yote kwa upole. Nikalipa.

Akatoka na spana, akasugua ule unga mweupe kwenye vichwa vya waya, akafunga betri, akakaza nati, akarudi dukani. Nikaingia kwenye gari. Nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka zote, zinang'aa kama za harusini.

Stata kimya. Hata kukohoa hamna.

Nikarudia mara nne. Kimya.

Mama akanitazama. "Umeuziwa mbovu?"

Hilo swali ndilo lililonimaliza. Nikashuka, nikasimama mlangoni mwa duka mbele ya wateja, bodaboda na mama muuza ndizi, nikatoa muhadhara.

"Mama Bhoke, hii betri ni feki. Volti ipo, mkondo hakuna. Inawasha taa tu. Kisayansi, hii ni betri iliyokufa ikapakwa rangi."

Watu wakaanza kusogea. Mama Bhoke hakubisha. Alichukua mita yake, akapima, akanionyesha namba. Ilikuwa nzima kabisa.

"Mita nazo huwa zinadanganya," nikasema. (Niliyesema hivyo ni mimi, mwalimu wa fizikia.)

"Haya, piga tena nione."

Nikapiga. Kimya. Akainama dirishani upande wa mama.

"Shikamoo mama. Samahani, naomba huo mfuko."

Jamani. Ule mfuko wa uji mama alikuwa ameutoa miguuni nilipokuwa dukani, akautundika kwenye mkono wa gia. Uzito wa chupa mbili umeivuta gia kutoka N mpaka D, gia ya kwendea. Na gari la otomatiki likiwa kwenye D haliwaki, hata ulifungie betri ya meli. Nilikuwa nimeusukuma mfuko huo kwa kiwiko kila nilipopiga stata.

Mama Bhoke akaunyanyua, akarudisha gia kwenye P. "Piga."

Likawaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo.

Kisha mama muuza ndizi akauliza, kwa nia njema kabisa, "Huyu si ndiye anawafundisha watoto wetu umeme?"

Kicheko kilichofuata sitakieleza.

"Mimi nilidhani hiyo ni ya kutundikia mifuko," mama akasema.

Nikashuka. Nilimwita mwenzangu tapeli mbele za watu, hivyo samahani nayo niliitoa mbele za watu, kwa sauti ileile. Mama Bhoke akanipa karatasi ya waranti, akanishika bega. "Mwalimu, mwaka juzi mimi nilimwita fundi kutoka kule Sirari mpakani kwa shida hiyohiyo. Na mimi ninauza betri. Nenda, mgonjwa anawasubiri."

Tumefika Susuni salama. Mama alianza kusimulia kabla sijazima gari. Mama mkubwa amecheka akiwa ameushika mshono kwa mikono miwili, anamsihi mdogo wake anyamaze, halafu anamwambia aendelee. Kisha akanywa uji vikombe viwili. Watu wa nyumbani kwake wanasema tangu atoke hospitali hajawahi kumaliza hata kimoja.

Walimu wenzangu mliomo humu, Jumatatu nikiingia ofisini naomba tuzungumzie mpira.