Mwizi wa Upasuaji wa Macho

Zvezdan Prokić alikuwa ameketi mkahawani mjini Niš, akinywa kahawa aliyonunuliwa na mtu asiyemfahamu vizuri, alipomwona mwanamume mnene akitoka kliniki ndogo ya macho ya jirani. Machozi yalikuwa yakimtiririka chini ya miwani nene kama kitako cha chupa. Mtu mwingine angemhurumia. Zvezdan alimvutia kiti.

"Kaa, kaka. Amekufa nani?"

"Mimi," alisema yule mnene. "Wamenikatalia leza."

Jina lake lilikuwa Gvozden Mitić, fundi wa milango na madirisha. Alikuwa na mchumba aitwaye Ljubinka, mjane wa mji wa Pirot mwenye kondoo na kiwanda cha jibini, na huyo mjane alikuwa ameshamlipia upasuaji kwenye kliniki kubwa ng'ambo ya mto, ili siku ya harusi aonekane bila miwani. Gvozden akaona aje kwanza hapa kujipima kimya kimya. Wakamwambia kioo cha mbele cha jicho lake ni chembamba, tena kimeanza kuchongoka kama ncha ya yai. Wakikipiga leza kitazidi kubenuka, na hata hiyo miwani haitamsaidia tena.

"Nitamwambia nini? Ataona nimechakaa, ataniacha. Na kile kiwanda, ndugu yangu! Unakijua kile kiwanda?"

Zvezdan hakukijua, ila alishaanza kukipenda. Yeye mwenyewe alivaa miwani tangu utotoni, na daktari mmoja aliwahi kumwambia kuwa vioo vya macho yake ni vinene, vimetulia, vinafaa leza kuliko vya watu wengi. Ilikuwa sifa pekee ya kweli aliyopata kupewa maishani. Alichokosa ni mtu wa kulipia.

"Sikiliza," akasema. "Nipe kitambulisho chako. Naenda kupimwa mimi, kwa jina lako. Nikifaulu, siku ya upasuaji unaingia wewe. Mashine haiulizi mara mbili."

"Na nikipofuka?"

"Madaktari wanapenda kutisha watu, ndiyo kazi yao. We unataka jibini au hutaki?"

Gvozden alitaka jibini. Alitoa kitambulisho, na kesho yake akaongezea paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, kama shukrani.

Tusimwonee Zvezdan. Hakuwa na nia ya kumpofusha mtu. Nia yake ilikuwa kulala mwenyewe kwenye kile kitanda, kwa gharama ya mjane, kisha apotee mjini na macho mapya. Huo ndio ulikuwa upande wake wa huruma.

Kitambulisho hakikumsumbua. Picha ilipigwa enzi ambazo Gvozden bado ana nywele, na ilionyesha mtu aliyeamshwa ghafla. Ingeweza kuwa ya yeyote. Binti wa mapokezi wa ile kliniki kubwa aliitazama, akamtazama yeye, akapiga miayo.

Daktari Vukosava ndiye aliyempima.

"Una kisukari?"

"Sina."

"Baridi yabisi, au ugonjwa wowote wa mwili kujishambulia wenyewe?"

"Mwili wangu unanipenda sana, daktari."

"Macho yanakauka?"

"Hapana. Nalia wakati wowote nikitaka."

"Hilo naliamini. Nguvu ya miwani imebadilika mwaka huu?"

"Haijabadilika, kama mimi mwenyewe."

"Swali la mimba nimeliruka."

"Nashukuru kwa heshima."

Akamwekesha kidevu kwenye mashine, akatazama rangi zilizojaa kwenye skrini. "Vioo vizuri hivi! Una bahati, Bwana Mitić."

"Ni ya ukoo," alisema Zvezdan, akiusifu ukoo wa watu.

Upasuaji ukapangwa Jumanne. Gvozden akaambiwa Alhamisi.

Jumanne wakamdondoshea dawa ya ganzi, wakambana kope zisifumbe, wakamwambia atazame taa bila kutikisika. Palinuka kama nywele zinazoungua. Kabla hajamaliza kuogopa, kazi ilikuwa imekwisha, macho yamefunikwa kwa vikombe vya plastiki na kubandikwa plasta.

"Usifikiche," alisema daktari. "Nani anakupeleka nyumbani?"

"Najipeleka mwenyewe."

"Haiwezekani. Lakini usijali, mchumba wako ameshafika."

Zvezdan aliganda. Mlango ukafunguliwa, ikaingia harufu ya maziwa. Alisubiri mayowe.

"Gvozden wangu," ilisema sauti ya mwanamke. "Mbona umekonda hivi?"

"Mawazo," alinong'ona.

"Maskini. Twende nyumbani."

Wanaume wawili, kaka zake mjane, wakamshika makwapa. Angesema nini? Kwamba yeye si Gvozden, na daktari amesimama pale? Akapakiwa garini. Njiani akaanza kujituliza: mwanamke huyu haoni kabisa, tena kumzidi Gvozden. Walipokaribia Pirot alikuwa ameshaanza kujiuliza kama hicho kiwanda kinahitaji meneja.

"Mpenzi," alisema kwa sauti tamu, "jibini yetu inauzwa wapi?"

"Utajua yote," alisema Ljubinka.

Asubuhi Ljubinka alimbandua plasta kwa mkono wake. Zvezdan aliona nyufa za dari. Aliona miguu ya nzi dirishani. Kisha akamwona Gvozden Mitić mezani, na miwani yake, akitafuna burek, andazi la jibini.

"Habari za asubuhi, Gvozden," alisema Gvozden.

Ljubinka akavuta kiti. "Jumapili huyu alikuja kuniangukia miguuni, akaniambia yote. Nikamwambia, mjinga wewe, mimi nataka mume, miwani vaa hata mbili. Ndipo akasema upasuaji ni Alhamisi. Kliniki walishanipigia kuwa ni Jumanne. Nikajua kuna mtu ananiibia upasuaji."

"Sasa mbona hukunizuia?"

"Pesa nilishalipa, na hairudi. Na mchungaji wangu amehamia Ujerumani. Nikikuzuia nakosa vyote. Nikikuacha, angalau napata mchungaji anayeona mbali."

Zvezdan aliutazama mlango. Kaka mmoja alikuwa na simu mkononi, mwingine ameshika mabuti ya mpira.

"Polisi au mabuti?" aliuliza mwenye simu. "Msimu mmoja tu, kisha uende zako."

"Kwanza saa nne anarudi kwa daktari kukaguliwa," alisema Ljubinka. "Sitaki macho yangu yaharibike." Akafungua dirisha. "Wale kondoo kule juu, unawaona?"

Zvezdan aliwaona wote, sikio kwa sikio.

"Siwaoni," alijaribu.

"Basi utawasogelea," alisema Ljubinka, na mabuti yakadondoshwa miguuni pake.